Meza Kwenye Jengo la Wazazi

3 Februari

Mdogo wangu Futi,

Utashangaa kupata barua ya mkono wakati simu yangu ni nzima. Nimefanya makusudi. Kwenye simu mimi na wewe hatuongei, tunakatana kauli, na tukifika mahali pazuri Mama ananipokonya ili akuulize kama unakula. Barua haikatwi kauli. Isome mpaka mwisho ndipo ukasirike.

Jana Mwenyekiti wa halmashauri alituletea kwenye baraza kitu kimefunikwa shuka. Sisi madiwani tukadhani ni keki. Akafunua. Nyumba ya karatasi ngumu, ghorofa nne, vioo toka chini mpaka juu, na vimiti vya plastiki pembeni. "Waheshimiwa, hii ndiyo ofisi yetu mpya." Makofi. Akachukua kalamu akatuonyesha lifti itakapopita. Futi, katika mji huu ngazi ndefu kuliko zote ni zile za benki, na watu wakizipanda hupumzika katikati. Jioni mtaa mzima ulikuwa umeshambatiza jina: Bwana Lifti.

Nikisema ofisi yetu haijachakaa nitakuwa mwongo. Kule masjala dari limeachia, karani wa masjala anafungua mwavuli juu ya mafaili, na ukiingia anakuuliza kama huko nje nako kunanyesha. Mchwa wamekula vyeti vya watu. Choo ni kimoja na ufunguo anakaa nao mhasibu utadhani ni wa hazina ya serikali. Yote hayo nayajua.

Lakini fedha wanayoitaka ni fedha yote ya maendeleo ya miaka mitatu, na mkopo juu yake. Miaka mitatu hakuna daraja, hakuna darasa, hakuna bomba. Na pale kituo cha afya lile jengo la wazazi limepakwa rangi tangu mwaka juzi, limepigwa kufuli, eti hakuna fedha za vitanda na tangi la maji. Mimi nilikuwa mkunga kabla sijawa diwani. Wanawake wetu wanajifungulia kwenye kile chumba cha zamani, wawili kitanda kimoja, mmoja akisukuma mwenzake anashika ukuta.

Nikasimama nikayasema. Bwana Lifti akaniuliza, "Mheshimiwa, kwani wewe ni fundi wa majengo?" Ukumbi ukaangua kicheko.

Mimi si fundi, ila nina mdogo wangu msanifu majengo huko mji mkuu. Niandikie kitaalamu, kwa lugha ninayoweza kuisoma mbele ya watu: jengo la zamani linatengenezeka au halitengenezeki? Kura ni mwisho wa mwezi. Fanya hima.

Mama anauliza kama unakula.

Dada yako


14 Februari

Dada,

Shikamoo. Ninakula. Mwambie Mama nimenenepa, atafurahi.

Barua yako nimeisoma mara kadhaa. Suala la majengo ya zamani si jepesi kama watu wanavyofikiri. Mtu anaona ukuta umesimama, anasema ni mzima. Ndani ya ukuta kuna mengi. Kutoa jibu kwa mbali, bila kupima, si haki kwa taaluma yangu wala kwako.

Ila niruhusu nikuulize nami. Unamkumbuka yule fundi viatu wa kwenye kona, anayetembea kwa kiti cha magurudumu? Nilipokuja likizo nilimkuta uani kwa halmashauri, juani, anasubiri karani ashuke na faili, kwa sababu ngazi za mlangoni hawezi kuzipanda. Alikuwa anajaza karatasi za leseni juu ya paja lake, mbele ya kila apitaye. Mtu mzima, mlipa kodi. Lifti mnayoicheka ni kwa ajili ya watu kama yeye.

Na hao watumishi mnaowadai kazi nzuri, mnawapa chumba cha kufanyia kazi hiyo? Mji ukiwa na ofisi yenye heshima, hata mwananchi anayeingia anajinyoosha. Si kila kikubwa ni ufisadi, dada. Wakati mwingine unapinga jambo kwa sababu tu ni Mwenyekiti aliyelisema.

Fikiria kabla ya kura. Nakuomba.

Mdogo wako,
Futi


3 Machi

Futi,

Nilifikiri kabla ya kura, kama ulivyoomba. Nikasimama tena. Nikasema jengo la zamani lipimwe kwanza na mtu asiye na upande, jengo la wazazi lifunguliwe, halafu tuone kinachobaki. Safari hii hawakucheka. Wawili watatu walikuwa wanatikisa kichwa kwa kukubali, na diwani wa kata ya mtoni alishaanza kunipigia meza.

Bwana Lifti akasubiri nikae. Akavaa miwani yake polepole, kama mtu anayetaka kusoma gazeti. Akasema, "Waheshimiwa, mwenzetu anadai mtu asiye na upande. Sasa niwaambie jambo la kufurahisha. Mchoro huu umechorwa na kijana wa mji huu huu, mdogo wake wa tumbo moja. Kwao wameshakula. Sijui anapinga nini, labda hakumegewa."

Ulikisikia kicheko hicho? Nadhani kilifika mpaka huko uliko.

Nikacheka nao. Ningefanya nini? Nilicheka ili nisilie mbele yao, mpaka shavu likaniuma. Kura zikapigwa. Wamepita kwa kura mbili tu, Futi. Yule wa mtoni alinyoosha mkono upande wao, na hakunitazama.

Uliniandikia kurasa mbili za fundi viatu. Ulipata nafasi ya kunieleza habari za ndani ya ukuta. Ukajitia hamnazo kana kwamba jengo hilo umelisikia kwangu. Mimi, dada yako, nikaenda vitani bila kujua kwamba mkuki wao umechongwa nyumbani kwetu.

Mama nimemwambia. Unajua alifanya nini? Alinituma kwa karani wa masjala nimtafutie nakala ya mchoro, akaibandika ukutani sebuleni. Kila asubuhi nakunywa chai nikitazama vioo vyako.

Nitaendelea kupinga. Wewe chora, mimi nipinge.

Dada yako, kwa kuwa hilo halina kura


9 Machi

Dada,

Ndiyo, nimechora mimi. Kila mstari.

Sitaomba radhi kwa mchoro. Naomba radhi kwa kunyamaza, hilo tu, na hilo naliomba kwa moyo wote. Uliponiandikia mara ya kwanza nilikaa na kalamu nikashindwa. Niliogopa kwamba ukijua hutautazama mchoro, utanitazama mimi, yule mtoto aliyekuwa anapima meza ya jikoni kwa kamba ya kiatu na kuitwa Futi mpaka leo.

Miaka yote hii katika ofisi hii nimechora vyoo vya shule, fensi, na vyumba vya majenereta. Ubunifu ni wa wakubwa. Huu ni mradi wa kwanza kupewa mimi, na ulikuwa wa nyumbani. Unataka nikatae? Nikaona masjala yenye madirisha marefu upande wa asubuhi, karani asome bila kuwasha taa. Nikaona ukumbi wa baraza uko chini, usawa wa barabara, ili mtu yeyote apite, achungulie, aone madiwani wake wanafanya nini. Hilo hukuliona kwa sababu hukuinama kulitazama. Kwa nini majengo mazuri yawe ya miji ya wengine tu? Kwa nini sisi kila siku tuambiwe bado, subirini, kwanza hiki, kwanza kile?

Hayo mambo ya "kwao wameshakula" ni uongo. Nalipwa mshahara wangu ule ule. Bwana huyo alitaka kukuumiza na amefanikiwa, na mimi nimemshikia fimbo. Hilo nitalibeba.

Na usiseme wazazi wameonewa. Mpango nimeuona kwa macho yangu: ofisi ya zamani ikibomolewa kupisha ujenzi, watumishi watahamia nyumba za kupanga karibu na soko. Kituo cha afya hakiguswi. Hata kifungu chake cha fedha ni cha peke yake.

Pinga, dada, ni haki yako. Lakini pinga nilichochora, usipinge usichokijua.

Futi


19 Machi

Futi,

Nyumba za kupanga?

Jana muuguzi wa zamu alikuja kuniita mbio, hata aproni hakuvua. Nikafika kituo cha afya nikakuta jengo la wazazi liko wazi, kufuli ninalolililia miaka miwili limetoka kwa dakika moja, na ndani wanaume wawili wanapima sakafu kwa futikamba. Wameandika kwa chaki kwenye milango. Wodi ya kusubiria: MHASIBU. Wodi ya waliojifungua: MANUNUZI. Chumba cha watoto njiti: STOO. Na chumba cha kujifungulia, kwa kuwa kina sinki na choo chake cha ndani, nadhani umeshajua. MWENYEKITI.

Nikawauliza, kwa muda gani? Mmoja akasema mpaka ghorofa likamilike. Mwingine akacheka akasema basi andika milele.

Nikachukua kitambaa cha deki nikafuta milango yote. Walikaa wakanitazama tu, mtu mzima na kitambaa. Leo asubuhi muuguzi ananiambia wamerudi, wameandika kwa rangi ya mafuta.

Nikaenda kwa Bwana Lifti ofisini. Sikupiga hodi. Akaniambia nyumba za kupanga zilionekana ghali, kamati ya fedha imebadilisha, na kwamba jengo limekaa bure, "tunalipa uhai." Kulipa uhai, Futi! Kauli hiyo ameisema akiwa ameegemea kiti, huku anachokonoa meno.

Sasa nakuuliza swali moja, na sitaki habari za madirisha ya asubuhi. Ulijua?

Mpaka nipate jibu sina la kukuandikia.

Dada


4 Aprili

Mwanangu,

Dada yako hajui kwamba nakuandikia. Miwani yangu imepasuka kioo kimoja, kwa hiyo mistari ikipanda usiseme Mama amelewa.

Umekaa kimya kama maji mtungini. Dada yako kila basi likifika anatuma mtu kuuliza barua. Halafu anajifanya hakuuliza.

Malori yalikuja Jumatatu na meza za halmashauri. Dada yako alikuwa amefika mapema, kakaa mlangoni kwa jengo la wazazi, kwenye kiti changu cha jikoni. Muuguzi alikuwa kando yake. Wanawake wa kliniki walipoona, nao wakakaa, chini, juu ya khanga, juu ya maboksi, kila mmoja na tumbo lake. Nikaambiwa nikaja. Sikuja kugombana. Nilikuja kuangalia kiti changu.

Mwenyekiti akafika na gari. Akasema kwa sauti ya huruma, "Mama zangu, hii ni kwa muda tu." Nikamwambia, "Hata mimba ni ya muda tu, mheshimiwa, lakini haisubiri ghorofa." Watu wakacheka, na hapo ndipo alipochukia. Kabla ya kicheko angeweza kurudi nyumbani. Baada ya kicheko akapiga simu.

Polisi wakaja. Wanawake wenye matumbo polisi hawakuthubutu kuwagusa. Wakambeba dada yako na kiti chake. Wakambeba kama mzigo, naye amenyooka, mikono mapajani, utadhani yuko studio anapigwa picha. Alilala mahabusu. Kesho yake wakamwachia bila kosa. Siku hiyo hiyo baraza likakaa, wakamsimamisha vikao vyote mpaka mwisho wa mwaka, kwa kosa la utovu wa nidhamu. Meza zimeingia. Dirisha letu la sebuleni limepigwa jiwe. Haya yote hatakuandikia yeye. Nimemjua tangu anaota meno, akiumizwa anafagia uwanja.

Mchoro wako bado uko ukutani. Sijautoa na sitautoa, ni mzuri, umeuchora wewe. Ila nimekuwa nikiutazama, nikajiuliza, yule mtoto wangu aliyechora madirisha yote haya, mbona yeye hachungulii?

Sikuandikii uje kulia hapa. Kulia tunaweza wenyewe. Kama ulijua, sema ulijua. Kama hukujua, sema. Wewe si mgeni, usitukalie kigeni.

Kula vizuri.

Mama


9 Aprili

Dada,

Sikujua.

Ningeweza kuliandika neno hilo siku ile ile nilipopata barua yako, na lingekuwa kweli. Sikuliandika kwa sababu nilitaka kwanza iwe wewe ndiye umekosea. Nilijiambia dada anakuza mambo. Nikaenda kwa bosi wangu nikamuuliza watumishi wanahamia wapi. Akasema, "Sisi tunajenga, hatuhamishi." Nikarudi mezani kwangu, dada, nikaendelea kuchora vishikio vya milango. Wiki nzima. Nilikuwa nachora vishikio vya milango huku nikijua kuna milango imeandikwa kwa rangi ya mafuta.

Barua ya Mama imenikuta nikila chakula cha mchana. Sikumaliza sahani.

Sasa sikiliza. Kabla mkandarasi hajakabidhiwa eneo, msanifu wa mradi anatakiwa atie saini kwamba jengo la zamani limehamwa na watumishi wamepata mahali panapofaa. Msanifu wa mradi ni mimi. Karatasi iliwekwa mbele yangu Ijumaa. Nikasema sitii saini. Bosi akadhani natania, akaniletea kalamu nyingine. Nikamwambia kalamu si mbovu. Nikamwambia nimeambiwa nithibitishe kwamba chumba cha kujifungulia kinafaa kuwa ofisi ya mtu, na kwamba kama anaamini hivyo basi atie yeye, jina lake likae pale.

"Unajua unachokifanya?" akaniuliza.

"Tangu mradi uanze, leo ndiyo mara ya kwanza najua."

Alisema kwa upole kwamba nimechoka, nipumzike. Jumatatu nikakuta meza yangu anayo mtu mwingine. Sijafukuzwa kwa barua. Nimefukuzwa kwa kiti. Vifaa vyangu vilikuwa kwenye boksi la karatasi za mashine, na mlinzi, tuliyezoeana, akanibebea mpaka getini.

Nimemwandikia mkurugenzi wa halmashauri, na nakala kwa madiwani wote, kwamba nimejitoa na kwa nini. Waziri pia nimempelekea. Wakitaka kunishitaki wanajua nilipo.

Ule mchoro bado naupenda. Sitakudanganya ili nikufurahishe. Siku moja mji wetu utakuwa na fedha zake, na mtu atajenga ukumbi wa baraza usawa wa barabara, na nitafurahi hata kama si mimi. Lakini si juu ya migongo ya wanawake wanaolala wawili wawili.

Uliniuliza kama jengo la zamani linatengenezeka. Vipimo ninavyo, tulivichukua sisi wenyewe kabla ya kuanza. Linatengenezeka. Kuta ni imara. Paa ndilo limekufa, na mbao zake zote. Vyumba vya nyuma vinaweza kuunganishwa vikawa masjala kavu. Vyoo vinne, njia ya mteremko mlangoni badala ya zile ngazi. Nimechora upya, usiku na mchana sijalala vizuri lakini nimefurahi, na michoro nimempa dereva wa basi la kesho. Mkutano wa wananchi kuhusu mradi nasikia ni tarehe 18. Nitakuwepo. Nataka anicheke mimi, usoni.

Hukunieleza kwamba walikubeba. Hilo nalo tutaliongea.

Mdogo wako


16 Aprili

Mdogo wangu,

Najua Mama ameshakupigia simu na umeelewa nusu, kwa sababu alikuwa anasimulia na kushangilia kwa wakati mmoja. Acha nikueleze kwa utaratibu.

Waliusogeza mkutano. Juzi asubuhi gari la matangazo likapita likitangaza kwamba mkutano ni siku hiyo hiyo, saa nane, uani kwa halmashauri. Walijua unakuja, walitaka ukute viti vinakunjwa. Lakini michoro yako ilikuwa imeshafika. Nikampelekea karani wa masjala, ambaye mafaili yake yalikuwa bado hayajahamishwa. Nilidhani ataogopa. Aliuondoa ule mwavuli wake juu ya mafaili, akauweka chini, akachukua gundi. Watu walipoanza kuja, michoro ilikuwa imebandikwa ukuta mzima wa mbele, chini ya dirisha la mkurugenzi, na karani amesimama pembeni kama mwenye duka.

Uani kulijaa mpaka barabarani. Bwana Lifti akaanza na maendeleo, akaenda na maendeleo, akamtaja hata fundi viatu kwa ajili ya lifti. Mimi nilikuwa nyuma. Alipomaliza nikanyoosha mkono. Akasema, "Wewe umesimamishwa, huna kiti hapa."

Nikamwambia, "Ndiyo maana nimesimama."

Futi, kelele zilizopigwa! Alijaribu kuendelea, hawakumpa nafasi. Nikapita mbele. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya kumshushua na yote yakanitoka. Nikasema tu kwamba huu ukuta nyuma yenu ni mzima, aliyesema hivyo ndiye aliyelipwa kuubomoa, na amepoteza kazi kwa kukataa kutia saini. Nikawaonyesha paa, masjala, vyoo. Nikawaambia fedha itakayobaki ni ya vitanda na maji, na ya daraja la mtoni. Nikamtazama diwani wa mtoni. Safari hii hakuweza kuangalia pembeni, mkewe alikuwa kakaa kulia kwake.

Halafu nikafanya ulichofanya wewe. Nikasema, "Na fundi viatu wetu atapata njia yake hapa mlangoni." Sauti ikatoka katikati ya watu: "Mimi niko hapa, mbona mnanisemea?"

Watu wakampisha. Akasogea na kiti chake mpaka mbele kabisa. Akasema, "Nimesikia Mwenyekiti ananitaja kwa ajili ya lifti yake. Nimesikia diwani ananitaja kwa ajili ya njia yake. Nyote wawili mnapita kwenye kona yangu kila siku na hakuna aliyeniuliza. Mimi lifti sihitaji kama chini nitahudumiwa. Njia ya mteremko naitaka, ila siitaki kwenye mchoro. Naitaka wiki hii. Na mke wangu atajifungua mwezi ujao, sitaki ajifungulie mikononi mwa mhasibu."

Niliona haya, mdogo wangu. Nikamwambia mbele ya wote, umesema kweli. Bwana Lifti yeye akamwambia suala lako tutalichukua. Fundi viatu akamjibu, "Usilichukue. Mmeshachukua ya kutosha."

Sijui nani alianza baada ya hapo. Naapa si mimi. Nilimwona karani wa masjala anatoka getini, hakuaga. Wahudumu wawili wa ofisi wakamfuata, halafu mama wa uhasibu, yule wa ufunguo wa choo. Watu wakawafuata. Wakaenda moja kwa moja kituo cha afya, na muuguzi alipowaona akafungua mbao zote mbili za mlango. Wakaanza kutoa meza. Watumishi wenyewe, Futi, kila mtu na meza yake, na wananchi wakishika upande wa pili. Polisi walikuja, wale wale. Wakakuta watumishi wa halmashauri wanahamisha vifaa vya halmashauri kwenda halmashauri. Wakasimama wanakuna shingo. Mmoja, aliyenibeba siku ile, akasaidia kabati.

Msururu wa meza ulijaa barabara nzima toka kituo cha afya mpaka ofisini. Magari yakasubiri. Hakuna aliyepiga honi. Kiti cha Mwenyekiti hakuna aliyetaka kukibeba, mpaka Mama akasema kina mto mzuri, kibaki, mtu wa kunyonyesha atakikalia.

Jioni mkurugenzi akatoa tangazo: mradi "umesitishwa kupisha tathmini", na jengo la wazazi litumike. Usinipongeze. Kusitishwa si kufutwa, wamelala tu na jicho moja wazi. Tangi hatuna, tunachota kwa madumu. Vitanda ni vile vya zamani tulivyohamisha. Lakini jana alfajiri mtoto wa kwanza amezaliwa mle, wa kike, mzito, analia kama anadai kitu. Mama yake anasoma mlangoni MWENYEKITI, anamuuliza muuguzi kama ndilo jina la chumba. Tumeshindwa kuifuta ile rangi, na sasa sidhani kama tunataka.

Kuhusu kubebwa na polisi. Sikukuandikia kwa sababu nilijua ungekuja kwa hasira, na mimi nilitaka uje kwa akili. Kumbe ungeweza vyote viwili. Nisamehe kwa kukudharau.

Njoo hivyo hivyo tarehe 18, mkutano au hakuna mkutano. Mshahara hakuna. Paa lipo, mafundi wa mtaa wapo, na fundi viatu kesho anaanza njia yake ya mlangoni kwa simenti ya kuchangiwa na anasema hataki kuonyeshwa mchoro na mtu yeyote. Mtagombana, najua. Kwenye ukuta wa sebule bado unaning'inia na ghorofa lako. Mama hataki kusikia habari ya kukutoa, na mimi nimeacha kumwomba.

Bwana Lifti anapita akisema mwakani sitarudi, atahakikisha. Huenda ataweza. Ana watu, ana gari, ana muda. Basi ajue nina muda mimi pia, na kuanzia sasa sitautumia kukaa nyumbani. Jumatatu kuna kikao cha baraza. Barua ya kunisimamisha inasema nisikanyage ukumbini mpaka mwisho wa mwaka.

Nimeshapiga pasi gauni.

Dada yako